Daddy-Long-Legs ya 1919: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu muvi ya kimya ya Mary Pickford

Kila nikiitaja hii muvi maswali yanayokuja ni yaleyale, kwahiyo nimeyakusanya sehemu moja. Yameanza na mepesi, magumu yako chini kabisa. Kuna maswali mawili yanayofichua mwisho wa stori na nimeyawekea onyo, kama hujaangalia yaruke.

## Mambo ya mwanzo

Hii ni muvi gani hasa?

Ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 1919, ya kimya, nyeusi na nyeupe, inakaribia saa moja na nusu. Nyota wake ni Mary Pickford ambaye pia ndiye aliyeitengeneza kwa kampuni yake mwenyewe, muongozaji ni Marshall Neilan, na imetokana na riwaya ya Jean Webster iliyotoka 1912 kwa jina hilohilo.

Stori kwa kifupi: polisi anakuta kichanga kimetupwa jalalani, anakipeleka kituo cha watoto yatima, msimamizi wa kituo Bi Lippett anakipa jina Jerusha Abbott, Jerusha kaliona kwenye jiwe la kaburi na Abbott kalitoa kwenye kitabu cha namba za simu. Mtoto anakua, anajiita Judy, anakuwa mtetezi wa wadogo zake pale kituoni. Akishakuwa binti mkubwa anatokea mdhamini mmoja tajiri asiyetaka kujulikana, anamlipia chuo. Judy hamjui jina wala sura, kazi yake ni kumwandikia barua tu.

Kwanini inaitwa Daddy-Long-Legs?

Wamarekani wana mdudu wanamwita hivyo, anafanana na buibui, kimwili kidogo na miguu mirefu kupitiliza. Kwenye kitabu Judy anamuona mfadhili wake mara moja tu, tena kwa mgongo, anatoka mlangoni usiku, taa za gari zikampiga na kivuli chake kikatanda ukutani miguu na mikono mirefu kama huyo mdudu. Hicho kivuli ndio kitu pekee anachokijua kuhusu mtu anayemlipia ada, basi akampa jina hilo. Mimi naona ni jina zuri sana kwa mtu asiye na baba, kajitengenezea baba kutoka kwenye kivuli.

Haina sauti kabisa? Sasa ntaelewaje?

Hamna mtu anayesikika akiongea, lakini kuna vibao vya maandishi vinavyokatiza picha, vinakueleza nani kasema nini au muda gani umepita. Vipo kwa Kiingereza. Ukikosa kimoja viwili haupotei maana uso wa Pickford unasema kabla kibao hakijafika. Kama Kiingereza kinakusumbua angalia jibu la kutafsiri huko chini.

Ushauri wangu, weka simu pembeni. Muvi za siku hizi unaweza ukawa jikoni unakata vitunguu huku unasikiliza, hii ukigeuka umepitwa. Dakika kumi za kwanza utaona kama unafanya kazi, baada ya hapo macho yanazoea na unasahau kabisa kwamba hamna mtu aliyeongea.

Ni kichekesho au ni ya kulia? Kuna mtu aliniambia nitalia.

Vyote, na ndio sababu naipenda. Imepangwa kwenye kundi la vichekesho na inachekesha kweli, lakini kicheko chake kinatoka kwenye njaa na ubabe wanaofanyiwa watoto, kwahiyo unacheka huku kifua kimebana.

Chukua mgomo wa plamu. Watoto wa kituo wanalishwa matunda ya plamu yaliyokaushwa, kila siku plamu, mpaka siku Judy anaongoza wenzie kuzigomea mezani. Pickford anaigiza pale kama kiongozi wa wafanyakazi bandarini, kidevu juu, na meza nzima ya vitoto inamfuata. Unacheka. Alafu inakuja adhabu, yeye na mwenzie wanabaki na njaa, wanakutana na mtungi wa pombe ya matofaa, wanakunywa, wanalewa chakari. Unacheka tena, ila ukikumbuka kwamba walichokuwa wanatafuta ni chakula unanyamaza.

Alafu kuna ile ya mdoli. Mtoto mdogo mgonjwa pale kituoni anatamani mdoli, binti wa kitajiri kaja kutembea na mdoli wake, Judy anauchukua ampelekee mgonjwa. Kwa hilo Bi Lippett anamshikisha jiko la moto. Hakuna kichekesho hapo, na muongozaji hakujaribu kukiweka. Kamera inatulia tu.

Watoto wanaweza kuangalia?

Wanaweza, ila kaa nao. Mimi niliangalia na watoto wa kaka yangu, mkubwa ana miaka tisa, nikawa nawasomea vibao kwa Kiswahili. Mwanzoni ilikuwa "shangazi mbona huyu dada anaongea hatumsikii", kwenye plamu wakawa wanagonga meza pamoja nao, na kwenye jiko la moto mdogo akaja kukaa mapajani kwangu. Kuna hicho kipande cha jiko, kuna mtoto anayefariki na kuna watoto kulewa (kuhusu ulevi kuna swali lake mwishoni). Wa chini ya miaka sita ningesubiri kwanza.

## Kitabu na muvi

Jean Webster ni nani?

Mwandishi wa Kimarekani, alizaliwa 1876 jimbo la New York, akasoma chuo cha wanawake cha Vassar akamaliza 1901. Mama yake alikuwa mtoto wa dada yake Mark Twain, na baba yake alikuwa mshirika wa Twain kwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, kwahiyo wino ulikuwepo nyumbani.

Cha muhimu kwa hii stori ni kwamba alipokuwa Vassar alisomea mambo ya uchumi na masomo yalimpeleka kwenye vituo vya watoto maskini na yatima, alivyoviona havikumtoka. Kitabu kikapendwa, 1914 akakigeuza mwenyewe kuwa mchezo wa jukwaani, Ruth Chatterton akaigiza Judy, na kipindi hicho wakawa wanauza midoli ya Daddy-Long-Legs ili kuchangia watoto yatima wapate familia za kuwalea. Yani stori ilitoka kwenye karatasi ikaenda kumtafutia mtoto nyumba.

Hakuiona muvi hii. Juni 1916 alijifungua mtoto wa kike na kesho yake akafariki. Alikuwa hajafika miaka 40.

Nisome kitabu kwanza au niangalie muvi kwanza?

Muvi kwanza. Najua wapenda vitabu watanikasirikia, lakini hivi vitu viwili vina uzito sehemu tofauti na ukianza na kitabu utakaa unahesabu kilichokosekana badala ya kuona kilichoongezwa.

Kitabu kinaanza Judy ana miaka 17 anakaribia kuondoka kituoni, utoto wake wote umefungwa kwenye sura moja fupi ya mwanzo, baada ya hapo ni barua mwanzo mwisho, miaka minne ya chuo. Muvi imefanya kinyume, imerudi kwenye hiyo sura moja ikaifungua, ikatupa utoto mzima: jalala, plamu, mdoli, jiko. Sehemu bora ya muvi ni kitu ambacho kitabuni karibu hakipo! Ile nusu ya pili ya chuo na mapenzi ni nzuri, inapendeza, lakini nguvu imepungua, nasema ukweli.

Kwahiyo mgomo wa plamu wameutunga tu?

Mgomo ndio, plamu hapana. Ukurasa wa mwanzo wa kitabu, siku wadhamini wanapokuja kutembelea kituo, Judy anawapanga watoto wadogo waende kula mkate, maziwa na pudingi ya plamu. Ni maneno machache, anayapita msomaji bila kusimama. Mtunzi wa muswada, Agnes Christine Johnston, na wenzie hawakuyapita. Walijiuliza mtoto anayekula hiyo pudingi kila siku anajisikiaje, wakatoka na kipande ambacho watu bado wanakitaja miaka zaidi ya 100 baadae. Mtu anayetaka kujua maana ya kuhamisha riwaya kwenda kwenye filamu aanzie hapo.

Barua ziko wapi? Kitabu kizima ni barua jamani.

Zipo ila zimepungua sana. Vipande vya barua vinatokea kwenye vibao vya maandishi, alafu picha inaendelea na kile Judy alichokuwa anaeleza. Hasara yake ni kwamba sauti ya Judy wa kitabuni, ule ucheshi wake wa kuandika, kuruka kutoka mtihani wa Kilatini kwenda kwenye soksi za hariri, na vile vichoro vya kitoto ambavyo Webster alivichora kwa mkono wake mwenyewe, vyote hivyo vimebaki kitabuni. Muvi ya kimya haiwezi kukusomesha kurasa 200 kwenye skrini. Badala yake imekupa uso. Kama wewe ulipenda kitabu kwa sababu ya barua utaona pengo na utakuwa sahihi.

Maisha ya kituo yametiwa chumvi?

Kwenye muvi ndio, kwa kiasi. Bi Lippett wa kitabuni ni mtu wa taratibu kavu, watoto wamevalishwa sare na wote wanafanana, ukatili wake ni wa kukosa upendo zaidi. Wa kwenye muvi (kaigiza Milla Davenport) ni mkali wa waziwazi, ana jiko la moto. Muvi ya kimya inahitaji ubaya unaoonekana kwa macho. Ila malalamiko yenyewe ni ya Webster tangu mwanzo, na 1915 aliandika mwendelezo ambao wote unahusu kukibadilisha kituo kilekile kiwe mahali pa binadamu.

## Waigizaji na watengenezaji

Mary Pickford alikuwa na miaka mingapi pale? Anaonekana mtoto kabisa.

Alizaliwa Toronto, Kanada, Aprili 1892, kwahiyo muvi ilipotoka Mei 1919 alikuwa na 27. Mtu wa miaka 27 anaigiza kitoto na huoni aibu kumwamini.

Siri ya kwanza ni kimo, alikuwa na kama futi tano tu. Siri ya pili ni wale anaosimama nao, muvi zake nyingi walimzungushia watu warefu na vitu vikubwa vikubwa ili yeye azidi kuwa mdogo. Lakini mtu mzima mfupi bado ni mtu mzima, kilichobaki ni kazi yake. Angalia magoti yake akikimbia, angalia anavyokaa mabega yakiwa yameanguka mbele, anavyofuta pua kwa mkono wa gauni. Alafu linganisha na Judy wa chuo, shingo imenyooka, hatua zimepungua. Ni mwili uleule na hakuna kompyuta iliyomsaidia.

Ni kweli alikuwa bosi wa muvi yake mwenyewe?

Kweli tupu. Mwishoni mwa 1918 aliachana na studio kubwa aliyokuwa nayo, akatengeneza muvi tatu kwa kampuni yake zikasambazwa na First National, na hii ndio ya kwanza kati ya hizo tatu. Februari 1919 yeye, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith wakaanzisha United Artists ili wasanii wauze kazi zao wenyewe. Yani wakati unamuona pale anagombania chakula na Bi Lippett, nje ya kamera ni mwanamke anayesaini mikataba mizito ya Hollywood, na mwaka huo wanawake wa Marekani walikuwa bado hawajahakikishiwa haki ya kupiga kura nchi nzima, ilikuja 1920.

Yule mtoto wa kiume mwenye madoa usoni ni nani?

Wesley Barry. Yale madoa ni ya kwake ya asili, na ndio yaliyompa jina. Neilan alimpenda, mwaka uliofuata akamtengenezea muvi ya kwake kabisa. Kwenye kile kipande cha ulevi simamisha uangalie macho yake, anamfuata Pickford hatua kwa hatua, hakosei.

Nimesikia muongozaji nae yumo ndani?

Yumo. Marshall Neilan ndio Jimmie McBride, yule kijana mchangamfu anayempenda Judy. Mpinzani wake, Jarvis Pendleton, ni Mahlon Hamilton, mrefu kama jina la muvi linavyotaka. Na aliyeshika kamera ni Charles Rosher, ambaye miaka kumi baadae alikuwa mmoja wa wawili waliochukua Oscar ya kwanza kabisa ya upigaji picha.

## Kuiangalia siku hizi

Naipata wapi, na kuishusha bure ni halali?

Haki miliki yake Marekani ilishaisha siku nyingi, ndio maana iko YouTube na kwenye maktaba za mtandaoni bila malipo. Kitabu nacho, mwandishi amefariki 1916, kiko huru.

Angalizo moja: filamu iko huru lakini muziki uliowekwa juu yake unaweza kuwa wa juzi na una mwenyewe. Ukitaka kuipandisha kwenye chaneli yako toa huo muziki kwanza, au pata nakala isiyo na muziki.

Na usichukue nakala ya kwanza inayotokea. Kuna zilizofifia mpaka nyuso ni madoa meupe, na muvi hii bila uso wa Pickford haina kitu. Fungua dakika ya tano, kama huoni macho ya watu tafuta nyingine. Bora umalize bando kwenye nakala nzuri.

Mbona watu wanatembea harakaharaka kama wamefukuzwa?

Kosa la nakala hilo. Zamani mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, kasi ikawa inacheza, nyingi zilikuwa kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde. Sauti ilipokuja ikawekwa 24 kwa wote. Ukichukua kitu kilichopigwa kwa kasi ndogo ukakionyesha kwa 24, watu wanakimbia. Wakati mwingine walikiharakisha kidogo makusudi ili kichekeshe, lakini mtu anayelia hatakiwi kulia mbiombio. Ukipata nakala ya hivyo nenda kwenye mipangilio ya YouTube weka 0.75, mara nyingi inakaa sawa.

Muziki ninaousikia ndio wa wakati ule?

Kwa kawaida hapana. Muziki ulipigwa hapohapo ukumbini, sehemu kubwa okestra, sehemu ndogo mtu mmoja na piano, kila jiji na lake. Unaousikia umewekwa baadae. Kama unakukera zima sauti kabisa, haitaharibika. Mimi kipande cha mdoli naangaliaga kimyakimya na kinaingia zaidi.

Naweza kuiangalia kwa Kiswahili?

Unaweza kuifanya mwenyewe, na muvi za kimya ndio rahisi kuliko zote maana hamna sauti ya mtu unayoifunika. Japani enzi hizo walikuwa na watu kazi yao kusimama pembeni ya skrini kusimulia na kuigiza sauti zote, na walipendwa kuliko waigizaji wenyewe. Sisi hilo tunalijua vizuri, waliokulia kwenye vibanda vya video Tanzania wanamkumbuka Lufufu, Kenya kuna DJ Afro, Uganda kuna maVJ wao. Kaa na watoto, soma kibao kimoja kimoja kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu. Plamu hawazijui? Waambie maharage ya shule, watakuelewa papo hapo.

## Maswali magumu

Hii ndio ile katuni ya Kiarabu tuliyoangalia Muscat?

Stori ni moja. Wajapani, Nippon Animation, walitengeneza katuni ya vipindi 40 mwaka 1990 kutoka kwenye riwaya hii, ikawekewa Kiarabu kwa jina lenye maana ya mwenye kivuli kirefu, na ndugu zetu wengi waliokulia Omani na nchi za Ghuba wanaijua kuliko kitabu. Katuni ina nafasi kubwa ya maisha ya bweni na marafiki. Muvi ya 1919 ina kile ambacho katuni imekipita haraka, utoto wa kituoni.

Na ile yenye Fred Astaire anacheza dansi?

Hiyo ni ya 1955, ya rangi, ya nyimbo, na binti pale wamemfanya Mfaransa, Leslie Caron. Kuna nyingine ya 1931 na Janet Gaynor. Ukitafuta mtandaoni andika mwaka, utaepuka kushusha isiyo yenyewe.

(Inafichua mwisho) Mfadhili kumuoa binti aliyemsomesha, hii si mbaya?

Swali hili linakuja kila mara na sitaki kulikwepa. Ndio, Jarvis Pendleton ndiye Daddy-Long-Legs. Alikuwa anasoma barua za siri za binti huku anakutana nae uso kwa uso kama mtu mwingine, na kitabuni anatumia hata nafasi yake ya mfadhili kumzuia kwenda likizo kwa kina McBride. Mwaka 1912 wasomaji wengi waliona ni mapenzi matamu. Mimi ninaposoma leo naona mtu mwenye pesa na siri upande mmoja, na upande wa pili mtu asiye na chochote, na hilo linanikaa vibaya.

Kinachoniokoa ni Judy mwenyewe. Anaandika kitabu, kinauzwa, anaanza kumrudishia mfadhili hela yake. Anataka wawe sawa kabla ya kitu kingine chochote, tena kabla hata hajajua ni nani. Muvi imelibakiza hilo na nashukuru, maana wangeweza kulitupa.

(Inafichua kidogo) Kuchekea watoto waliolewa, ilikubalika?

Ilikubalika, na kumbuka Januari 1919 ndio Marekani ilikuwa imepitisha mabadiliko ya katiba ya kupiga marufuku pombe, kwahiyo watazamaji walikuwa wanacheka kitu kilicho midomoni mwa kila mtu. Leo ukiwa na watoto elezea tu kwamba wale walikuwa na njaa na hawakupewa chakula. Usikiruke hicho kipande, ukikiruka adhabu ya Bi Lippett inapoteza uzito.

Kwanini hii imebaki na nyingine hatuzioni?

Filamu za zamani zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza chenyewe, na studio nyingi zilizitupa sauti ilipoingia. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipohesabu mwaka 2013, katika filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki kamili kwenye umbo lake la asili.

Pickford alitunza za kwake maana zilikuwa mali yake. Lakini kuna kipindi alitaka zichomwe zote akishakufa, aliogopa vizazi vya baadae vitamcheka. Marafiki zake wakamkatalia, na nyingi zikaishia kutunzwa kwenye hiyo hiyo Maktaba ya Bunge.